Gari la Kuanzia Autokrosi: Mama Fundi Anajibu

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: mtu anayetaka kuanza autokrosi aanze na gari gani? Kwa msomaji ambaye mchezo huu ni mgeni kwake, ni mbio za gari moja moja dhidi ya saa. Koni za plastiki zinapangwa kwenye uwanja mpana wa lami, unapita katikati yake bila kuziangusha, na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Mzunguko mmoja huchukua dakika moja hivi, mara nyingi pungufu. Wapo wanaokimbia kwenye udongo na kwenye nyasi, lakini mimi nafundisha kwenye lami, nikiwa kwenye kiti cha abiria, na majibu yangu ni ya huko.

Shikamoo Mama Fundi. Nimejiwekea akiba, sasa nataka gari la autokrosi. Marafiki wananisukuma ninunue Subaru Impreza WRX kwa sababu ina turbo na inaendeshwa na magurudumu yote manne. Mwenyewe macho yangu yako kwa Mazda MX-5 ya zamani. Kwa sasa nina Honda Civic ya mwaka 1998, milango mitatu, injini ya lita 1.6, gia za mkono, ndiyo inayonipeleka kazini. Ninunue ipi?

Marahaba, mwanangu. Usinunue kitu. Gari lako la kuanzia unalo tayari, na akiba yako iache ilipo kwa sasa.

Kwenye koni unaondoka na gia ya kwanza, unaingiza ya pili, na mara nyingi unabaki na hiyo ya pili hadi mwisho. Mwendo ni nadra kuvuka kilomita 100 kwa saa. Nguvu za turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, zinahitaji nafasi ndefu ili zionekane, na hapa kila ukinyoosha usukani koni nyingine imeshakufikia. Kinachokula sekunde ni uzito. Ukilibebesha tairi mzigo mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili, kwa hiyo gari zito linadai kwa tairi kuliko tairi linavyoweza kulipa. WRX ina takriban kilo 1,400. Civic yako inazidi tani moja kidogo tu, na MX-5 ya kizazi cha kwanza haifiki tani. Upana nao una sehemu yake. MX-5 hiyo ina upana wa mita 1.675, na kwenye safu ya koni ambazo unazipita kwa kupindapinda kushoto na kulia, gari jembamba linakwenda karibu na kunyooka wakati lile pana linalazimika kuyumba zaidi kila koni.

Kuna jambo jingine kuhusu magurudumu manne ambalo linanisumbua kuliko uzito. Anayeanza akiingia kona na mwendo wa kupita kiasi, pua ya gari inatoka nje ya mstari, anangoja, kisha anakanyaga mafuta na gari linamvuta hadi upande wa pili. Saa inaonyesha muda usio mbaya, naye anarudi akiamini kona ameiweza. Hajajifunza kitu. Civic haitakuficha hivyo. Ukiingia na mwendo wa ziada tairi za mbele zinalia, usukani unakuwa mwepesi ghafla mikononi, na gari linaendelea kule lilikokuwa linakwenda. Sikiliza mlio huo. Mlio mwembamba unaoendelea maana yake tairi zinafanya kazi yake. Ukigeuka kuwa mkwaruzo mzito wa chini, umepitiliza. Nikiwa pale pembeni naiona mikono ya wanafunzi wangu wakati huohuo, na karibu wote wanafanya kitu kimoja: gari halikati kona, basi wanaongeza usukani. Tairi lililokwisha kuteleza ukilipinda zaidi linateleza zaidi. Punguza usukani kidogo, legeza mafuta, subiri nusu sekunde, litashika. Gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele linakupa somo hilo kila kona, na kwa mwendo mdogo ambao haukutii hofu.

Isitoshe, Civic za miaka ile, hadi zile za mwaka 2000, zina saspensheni nzuri ya mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini, kwenye kila gurudumu. Gari linapolala kwenye kona, mkono wa juu unalisaidia tairi kusimama bapa juu ya lami. Magari madogo mengi mbele hayana mkono huo wa juu. Shokapu ndiyo nguzo yenyewe, na kwenye kona kali tairi huanza kukanyagia ukingo. Hao marafiki zako wanaokusukuma huenda hawajui una kitu gani.

Kimbia msimu mzima na Civic. Moyo ukiwa bado uko kwa MX-5, nenda kainunue kwa baraka zangu zote, maana tangu ilipotoka mwaka 1989 sijui gari lililofundisha watu wengi kukata kona kama hilo. Ila inua mazulia na uchungulie kutu kwenye vizingiti vya milango, hasa mbele ya magurudumu ya nyuma. Kwenye zile za mwanzo kabisa za lita 1.6, angalia puli ya chini ya injini ikiwa inazunguka: ikicheza kama imelegea, huenda ncha ya krenkishafti, ile shafti kuu ya injini, imeharibika, achana nayo. Kaa ndani ukiwa umevaa helmeti na paa limefungwa, uone kama kichwa kinaenea. Na kwa sababu ni gari la wazi, waulize waandaaji kwanza kama wanadai vyuma vya kukinga dereva gari likipinduka, kwa maana wengine hawatakuruhusu kuingia bila hivyo.

Soma pia mkataba wako wa bima. Mikataba mingi haigusi gari linapokuwa mashindanoni.

Mama, tunabishana nyumbani, mimi na mdogo wangu. Yeye anasema dereva wa kweli hujifunza kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mimi nasema mbele ni salama zaidi. Tutoe kwenye ubishi huu.

Kila mmoja ameshika upande wa jambo lilelile. Linalovutwa mbele linakufundisha subira: lazima umalize kufunga breki kabla ya kupinda, na lazima usubiri pua ielekee njia ya kutokea ndipo ukanyage mafuta. Ukiharakisha, gurudumu la mbele la upande wa ndani linazunguka bure na muda unaondoka. Linalosukumwa nyuma linafundisha mguu wa kulia. Ukikanyaga mapema mno mkia unachomoka, ukikanyaga kwa kipimo mkia huohuo unakusaidia kugeuka. Nani anaanza na lipi si jambo la heshima wala la uanaume. Anayeanza huwa na makosa mengi kwenye breki na macho kabla ya kufika kwenye mafuta, ndiyo maana mimi hupenda aanze mbele.

Mdogo wako akishikilia nyuma, asichague lenye injini katikati kama Toyota MR2, wala Honda S2000 ya mwanzo ambayo injini yake inapanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika na nguvu zake nyingi zimekaa huko juu. Ni magari mazuri sana. Lakini kwenye MR2 mtu akiogopa katikati ya kona na kuachia mafuta ghafla, uzito unahamia mbele, tairi za nyuma zinapungukiwa, na gari linazunguka kabla hajajua limeanza. Mgeni anahitaji gari linalotoa taarifa mapema. Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ, yaliyotoka mwaka 2012, yanafanya hivyo vizuri: injini ya lita 2.0 isiyo na turbo, nguvu za farasi 200 hivi, tairi za kawaida zinazoanza kuteleza taratibu na kurudi taratibu.

Habari Mama Fundi. Gari langu ni otomatiki. Nimeambiwa nisijisumbue kuja. Ni kweli?

Si kweli, dada yangu, njoo. Weka gia kwenye 2 au L badala ya D ili isijibadilishe katikati ya kona, na zima mfumo wa kuzuia kuteleza ikiwa kitufe kipo, kwa sababu unakata nguvu pale unapozihitaji. ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki, usiiguse. Kama miguu yako haina kazi ya klachi, macho yako yana nafasi zaidi ya kutafuta koni inayofuata, na kwa mwanafunzi hiyo ni faida. Gia za mkono utajifunza baadaye ukitaka.

Salaam Mama Fundi. Mwanangu ana leseni mpya na anaomba gari la familia, lile la juu la kupandia milima, akalikimbize kwenye koni. Nimruhusu?

Salaam, baba. Hapana. Kwenye barabara kubwa gari la juu halina neno, lakini kwenye koni linapindwa kushoto kisha kulia kwa haraka, na huo mpindo wa pili ndio hatari: mwili wa gari unarudi kutoka upande mmoja kwa kishindo na kuendelea kuegemea upande wa pili. Chukua futi ya kupimia. Pima kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia, kisha pima kutoka chini hadi paani. Kimo kikizidi upana huo kwa kiasi kinachoonekana, gari si la mchezo huu, na waandaaji makini watalirudisha getini. Hata baadhi ya vigari vifupi vyenye paa la juu hukataliwa kwa hesabu hiyohiyo, kwa hiyo uliza kabla. Lakini kijana usimnyime mchezo. Mtafutie kigari cha chini, umruhusu aharibu tairi huko uwanjani, ambako koni ndiyo kitu pekee cha kugonga. Kuna mambo ya breki atakayoyajua siku hiyo ambayo barabarani angeyajua kwa ajali.

Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nimepata Mini Cooper ya mwaka 2004 iliyotumika, gia za mkono. Muuzaji amenipa saa moja nilikague. Sina fundi wa kwenda naye. Nianzie wapi?

Marahaba, binti yangu. Saa moja inatosha kabisa, ila mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Shika boneti kwa kiganja. Ikiwa ya moto, muulize kwa nini. Injini iliyopoa haiwezi kukuficha tabia yake ya asubuhi.

Kabla ya kuliwasha, chutama kwenye tairi. Tafuta ubavuni maandishi DOT na usome tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri, yaani zile nundu zinazokanyaga lami, lakini lililopita miaka mingi limekauka, halitashika, na bei ya tairi mpya lazima uitoe kwenye bei ya gari. Kisha pitisha kiganja juu ya tairi kutoka ukingo wa nje hadi wa ndani. Ukingo wa ndani ukiwa umeliwa kuliko wa nje, alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, imekwenda, au bushi zimekufa, au gari liliwahi kugonga kitu. Usiangalie kwa macho tu, kwa sababu wa ndani haukai machoni, mkono ndio unaoujua. Ukiwa hapohapo chungulia shokapu: mafuta yaliyoshikamana na vumbi kwenye mwili wake ni shokapu iliyokufa.

Omba jeki. Gurudumu likiwa hewani lishike juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, beringi au boljointi imeisha. Lishike kushoto na kulia, fanya vilevile. Likicheza hapo tu, ni upande wa usukani. Vitu hivi kwa gari la kwenda sokoni vinaweza kungoja. Kwa gari la koni havingoji hata siku moja, kwa sababu gurudumu hilo ndilo litakalobeba karibu uzito wote wa mbele kwenye kona.

Sasa ingia ndani. Kanyaga breki kwa nguvu na uuache mguu hapohapo huku ukihesabu hadi 30. Kanyagio likizama polepole kuelekea sakafuni, kuna mahali panavuja au sentali ya breki, ile pampu yake kuu, imechoka. Washa injini. Kabla hujaondoka zungusha usukani hadi mwisho upande mmoja, kisha mwingine, mara kadhaa. Kwenye Mini za miaka hiyo pampu ya usukani ina mota ya umeme na feni yake ya kuipoza iko chini kabisa, inapigwa na vumbi na maji, na hiyo pampu ni ugonjwa wao unaojulikana. Usukani ukiwa mzito au ukilia kwa sauti ya kujikaza, kumbuka kwamba kwenye koni utauzungusha hivyo mfululizo.

Kwenye uwanja mtupu pinda usukani hadi mwisho na uende mduara polepole huku ukikanyaga mafuta kidogo. Ta-ta-ta-ta kutoka gurudumu la nje ni kiungo cha ekseli kilichokwisha. Barabarani panda hadi gia ya tatu, rudisha ya pili, tena na tena. Gia ya pili ndiyo utakayoishi nayo, ikikwaruza au ikijitoa wakati unapoachia mafuta usinunue. Na hapa uwe makini zaidi, kwa maana gia boksi za Cooper za mwanzo, kabla hazijabadilishwa katikati ya mwaka huo wa 2004, zina sifa ya udhaifu. Sikiliza mvumo unaopanda na kushuka kufuatana na mwendo.

Rudi, zima, fungua boneti, chomoa kijiti cha oili. Iwe karibu na alama ya juu, isiwe na rangi ya chai ya maziwa. Hiyo rangi ni maji ndani ya oili, na mazungumzo yanaishia hapo.

Rangi iliyokwaruzwa, redio isiyosema, kiti kilichochanika, visikuhangaishe hata kidogo. Hivyo ndivyo vya kushushia bei.

Mama Fundi, gari ninalo na nimelikubali. Naanza kubadilisha nini? Nimeona springi za kushusha gari na bomba la kelele kwa bei nzuri.

Viache vyote viwili dukani. Springi fupi juu ya shokapu za kawaida zinalifanya gari ligonge mwisho wa saspensheni katikati ya kona, na likigonga hapo tairi linaachia ghafla bila taarifa. Bomba la kelele linakupa kelele, na linakunyima kuusikia mlio wa tairi niliokuwa nausifu hapo juu. Jua pia kwamba kila kitu unachobadilisha kinaweza kukuhamishia daraja la wenye magari yaliyofanyiwa kazi kubwa, ukajikuta unashindana na watu wa miaka mingi.

Anza na mafuta ya breki. Yananyonya unyevu kutoka hewani, na yakishakuwa na maji yanachemka mapema. Kanyagio linakuwa laini kama sifongo pale unapolihitaji. Yamwage yote, weka mapya ya daraja la DOT 4, toa hewa kila gurudumu. Breki pedi ziwe na unene wa kutosha. Oili ijaze hadi alama ya juu, kwa sababu kona ndefu huisukuma pembeni mwa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na pampu ikanyonya hewa. Kisha nenda kapige alaimenti kwa mtu anayekuonyesha vipimo kabla na baada.

Tairi ndizo zitakazokupunguzia sekunde nyingi kuliko kitu kingine chochote unachoweza kununua, lakini sitaki uzinunue mwanzoni. Malizia kwanza ulizonazo, kama si za kale. Tairi za kawaida zinalia mapema na kukufundisha. Za mbio zinanyamaza muda mrefu kisha zinaachia. Ukishaanza kukaribiana na madereva wenye gari kama lako, tafuta za barabarani zenye namba ya TREADWEAR 200 ubavuni; namba ikiwa ndogo, tairi ni laini zaidi. Madaraja mengi ya magari ya barabarani yanaishia hapo, hayaruhusu laini zaidi.

Kabla ya kutumia hata senti kwenye tairi, jifunze upepo wa ndani ya tairi. Beba geji ya kuupimia na chaki. Paka chaki kwenye ukingo wa kila tairi kutoka kwenye kashata kushuka ubavuni, kimbia mzunguko mmoja, rudi uangalie. Karibu tairi zote zina alama ya pembetatu ndogo pale kashata inapoishia. Chaki ikifutika hadi kwenye ncha ya pembetatu, upepo umekaa sawa. Ikifutika kuipita, tairi linalalia ubavu, ongeza. Ikibaki juu ya pembetatu, punguza. Andika namba kwenye daftari pamoja na hali ya hewa ya saa hiyo, kwa maana lami ikipata joto, namba ya asubuhi haitafaa mchana.

Na siku ya mbio fika na spana ya nati za magurudumu. Toa kila kitu kilicholegea ndani ya gari, hadi zulia la dereva, kwa sababu likiteleza linajibana chini ya kanyagio. Betri ikiwa inacheza ukiisukuma kwa mkono, ifunge kabla hujafika kwa mkaguzi. Halafu uutembee mkondo wa koni kwa miguu, zaidi ya mara moja, ukiinama kwenye kimo cha kiti chako. Ukisimama wima unaona ramani nzima, na ukiwa umekaa garini hutaiona hivyo.